Nyekundu Juu ya Njano

Ukimwambia Gerlinde Wuttke kwamba leo ni Jumatatu, atakuuliza nani kasema. Ndivyo alivyo tangu nimjue, nami nimemjua tangu ukuta wa Berlin ungali umesimama, yeye akikaa ghorofa ya tatu na mimi ya pili, chini ya miguu yake. Ameendesha tramu mpaka kustaafu. Hata mumewe aliendeshwa naye, anavyosema mwenyewe, mpaka siku moja akashuka kituo asichokijua na hakurudi tena. Akisema hivyo hucheka peke yake, kwa sababu sisi wengine mzaha huo tumeusikia kila mwaka.

Mwanamke huyu mbishi, mwenye sauti ya kupasua dari, ndiye aliyeitwa mchukia Wayahudi Septemba ile, vita vya Gaza vikiwa bado havijatimiza mwaka. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Sitaki habari hii isimuliwe na watu waliokuwa wakiitazama kupitia kioo cha simu.

Kwenye ukosi wa koti lake Bi Wuttke huvaa beji ndogo ya pembetatu nyekundu, ncha ikiangalia chini. Ni alama ambayo Wanazi walimshonea baba yake kifuani katika kambi ya Sachsenhausen. Kila aina ya mfungwa alikuwa na rangi yake, na wafungwa wa siasa walipewa nyekundu. Willi Wuttke alikuwa mkomunisti, fundi wa mabati ya paa. Waliotoka kambini wakiwa hai waliichukua alama ile ya fedheha wakaigeuza ya heshima, wakawarithisha watoto wao kama wengine wanavyorithisha shamba.

Sasa, katika nyumba yetu hii hii, nyuma uani, ghorofa ya chini, aliishi kabla ya vita mkata nguo mmoja aitwaye Alfons Lesser. Alikuwa Myahudi, na alikuwa mkomunisti vilevile. Yeye na Willi walikuwa wakichapa karatasi za kumpinga Hitler ndani ya ghala la makaa lililo chini ya ngazi zetu. Alfons akakamatwa. Wakampiga awataje wenzake, wakampiga tena, akafumba mdomo. Willi akabaki huru miaka kadhaa, na alipokuja kukamatwa kwa jambo jingine akapelekwa kambi ile ile, akamkuta Alfons mifupa mitupu. Kifuani Alfons alikuwa na pembetatu mbili: ya njano kwa kuwa ni Myahudi, na juu yake nyekundu kama ya Willi. Alfons alifia mle ndani. Willi akatoka, akaoa, akamzaa Gerlinde. Yaani Bi Wuttke anakula, analala na anabishana na dunia kwa sababu mtu mmoja alikataa kufungua kinywa.

Serikali ya kikomunisti ya Mashariki ilipokuwa ingali madarakani, waliweka kibao ukumbini mwetu: Alfons Lesser, mpiganaji dhidi ya ufashisti. Neno Myahudi hamna. Willi alikwenda kulalamika, akaambiwa na wenzake wa chama asiwachanganye watu. Ukuta ulipoanguka akaja mwenye nyumba mpya, akapaka rangi, kibao kikaenda na takataka. Willi alipokuwa anakufa alimshika bintiye mkono. Bi Wuttke amenisimulia maneno yale mara nyingi hata nayajua kwa moyo: "Siku watakapomkumbuka Alfons, wewe usimame useme alivaa zote mbili. Wenzangu walimkata njano. Hawa wapya watamkata nyekundu, wamfanye kondoo aliyechinjwa tu. Alfons hakuwa kondoo. Useme, Linde."

Basi kazi ya uzee wa Bi Wuttke ikawa hiyo. Alitaka Alfons awekewe jiwe la shaba mbele ya mlango wetu, kama yale yaliyochomekwa kando ya barabara mji mzima, kila moja na jina la mtu na nyumba aliyotolewa. Alitafuta ndugu wa marehemu miaka mingi, mpaka akampata mjukuu wa dada yake Alfons, mwanamke aitwaye Tirza, mwalimu wa hesabu huko Haifa.

Wakaanza kupigiana simu kila Ijumaa mchana, kabla Sabato ya Tirza haijaingia. Mimi nilisikia upande mmoja wa mazungumzo kupitia dari bila kutega sikio. Tirza alijua Kijerumani cha bibi yake, cha zamani za kale, na Bi Wuttke alikuwa akishuka kunihadithia huku akijishika mbavu. "Jirani, leo ameniambia simu yake imepatwa na homa ya mapafu, yaani imeharibika! Maneno hayo mara ya mwisho niliyasikia kwa nyanya yangu!" Kisha vita vikaja. Majira ya baridi mtoto wa Tirza, Itamar, aliyekuwa askari, akauawa Gaza. Ijumaa hiyo sikusikia kitu darini. Nikadhani hawakupigiana. Baadaye akaniambia walikaa kwenye simu saa nzima, hawana la kusemezana, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenziwe.

Jiwe likapata kibali. Kamati ya mawe ya wilaya ikapanga liwekwe Jumanne, Tirza awepo, na Bi Wuttke ndiye asome maisha ya Alfons. Tirza angefikia kwake tangu Jumapili, kitanda kilishatandikwa.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na ni kosa ambalo angelifanya yeye tu na watu wa namna yake.

Jumapili ya pili ya Septemba ni siku ya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi. Zamani zetu, upande wa Mashariki, siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na desturi yake: kwenye mlango wa barabarani tulibandika pembetatu nyekundu ya karatasi ngumu, na chini yake ua jekundu, kuonyesha kwamba hapa alitolewa mtu akapelekwa kambini. Wapangaji wa zamani wamekufa au wamehamishwa na kodi, desturi amebaki nayo Bi Wuttke peke yake, na watu wapya wenye baiskeli za mizigo hudhani ni pambo. Mwaka huo, kwa ajili ya Tirza, aliikata kubwa, sawasawa na sinia.

Ni kweli kulikuwa na dalili. Wiki chache nyuma, mtaa wa pili, mlango wa baa moja ulipuliziwa pembetatu nyekundu, ncha chini. Mimi nilidhani ni mambo ya mpira. Bi Wuttke aliporudi sokoni na kuiona, alipanda ngazi akihema kwa furaha.

"Jirani! Vijana wameanza kukumbuka!"

Magazeti aliacha kuyasoma siku gazeti lake la zamani lilipofungwa, na simu yake ni ile ya vitufe. Nani angemwambia kwamba wapiganaji wa Hamas, kwenye video zao, huweka pembetatu nyekundu juu ya kichwa cha mtu wanayetaka kumlipua? Nani angemwambia kwamba mwenye baa ile alisemwa kuwa anaitetea Israeli, na wale hawakuwa wakikumbuka kitu, walikuwa wakitisha?

Jumapili ile nilikuwa dirishani. Teksi ikasimama, akashuka mwanamke mwembamba mwenye mvi fupi, na sanduku. Akainua uso kusoma namba ya nyumba, akaiona. Aliweka kiganja kinywani. Kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho hayabanduki mlangoni, mpaka akagonga mlango wa teksi kwa mgongo. Akaingia. Teksi ikaondoka na sanduku likiwa bado mapajani pake.

Juu, Bi Wuttke alikuwa akifukuza nyigu kwenye keki ya plamu. "Imechelewa ndege yake," akaniambia nilipopanda. Nikamweleza nilichokiona. Hakuelewa, nami sikuelewa, tukakaa tukitazamana kama kuku walionyeshewa.

Aliyeelewa ni mpangaji wa ghorofa ya kwanza. Alipiga picha ya mlango akaitupa mtandaoni: nyumba yetu imewekewa alama, kwa heri Berlin. Polisi wakaja wawili, kijana na msichana.

"Nani amebandika hiki?"

"Mimi," akasema Bi Wuttke toka ngazini.

"Mama, unajua maana yake?"

"Baba yangu alilala nacho kifuani miaka sita. Wewe unajua maana yake?"

Msichana yule alimweleza, kwa upole, nisimdhulumu. Bi Wuttke alimsikiliza mpaka mwisho. Akashuka mwenyewe, akaibandua ile karatasi, na ua akaliacha palepale.

Lakini maji yalishamwagika. Kesho yake gazeti moja likauliza: je, chuki dhidi ya Wayahudi imefika hadi ngazi za nyumba zetu? Kukawa na picha yake akitoka kutupa taka, beji ukosini, imezungushiwa duara. Mwanamke wa duka la mikate, aliyemuuzia mikate tangu enzi na enzi, alimpa chenji bila kumtazama. Mtu alitema mate kwenye sanduku lake la barua. Na mbele kidogo, kwenye kituo cha tramu, msichana asiyemjua akainua ngumi juu akamwambia, "Heshima, bibi!" Aliporudi aliniambia hajui ni lipi lilimuudhi zaidi, mate au heshima.

Tirza hakupokea simu.

Jumatatu hiyo hiyo mchana alikuja Bwana Ahlers wa kamati ya mawe, kijana nadhifu mwenye miwani, akakalishwa jikoni, akapewa keki. Nilikuwa nimeketi pale, sikuondoka, na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Bi Wuttke, hakuna anayesema wewe unamchukia mtu."

"Gazeti limesema."

"Gazeti limeuliza tu."

"Gazeti likiuliza kama mimi ni mwizi, majirani wanafunga milango. Kula keki."

Akala. Akapangusa mdomo. "Tunachoomba ni kidogo sana. Kesho, kabla ya kusoma, useme unajitenga na alama hiyo. Na beji ibaki nyumbani."

"Nijitenge nayo niende wapi? Chooni?"

"Bi Wuttke..."

"Mwanangu, hii alama walimshonea baba yangu wale wale waliomuua Lesser. Unataka nisimame mbele ya jiwe la Lesser nimkane baba yangu?"

"Maana imebadilika," akasema Ahlers, na nikaona kwamba naye anaona haya. "Mimi sikuibadilisha. Lakini mtu akiiona leo, haoni Sachsenhausen."

"Basi mfundisheni!"

"Kwa saa moja ya Jumanne? Barabarani?" Akasimama. "Usipokubali, nitasoma mimi. Sina njia nyingine."

Hajafika chini, akapanda Nidal. Huyu ni kijana wa nyumba ya pili, muuguzi, mzaliwa wa mtaa huu. Babu yake alitoka Palestina. Kreti za maji za Bi Wuttke humpandishia yeye. Kule Khan Yunis shangazi yake, watoto wa shangazi na wajukuu, wote walikufa ndani ya nyumba moja kwa bomu moja, na kwa muda wa majuma kijana huyu alikuwa akizipandisha kreti zile bila kusema neno.

"Bibi, usiogope," akasema. "Kesho tunakuja. Wote tutavaa pembetatu. Watatukamata sote basi!"

"Nani kakuomba?"

"Bibi, wanakuonea kama wanavyotuonea sisi. Hiyo pembetatu nyekundu iko kwenye bendera yetu. Ukishika bendera unanyang'anywa, ukisema neno unaitwa mchukia Wayahudi. Shangazi yangu alimchukia nani?"

Bi Wuttke akamvuta akamkalisha, akamkatia keki. "Mungu amrehemu shangazi yako. Na ile ya mlango wa baa, Nidal, nayo ilikuwa ya bendera?"

Nidal akaangalia sahani. "Ile sikuichora mimi."

"Sikukuuliza nani kaichora."

Kijana alisukuma sahani taratibu, akasema hata hivyo watakuja, maana wameshaambiana, na yeye si mkubwa wa mtu. Bi Wuttke alimsihi wasije. Alimwambia kesho si siku ya Gaza wala ya Israeli, ni siku ya Alfons. Nidal akasema kwa masikitiko, "Bibi, kila siku si siku yetu," akaondoka.

Siku ile nilimwona mwenzangu amekalia kuti kavu. Alizunguka jikoni kama simba wa bustani. Akitoka na beji, anakuwa bendera ya vijana asiowatuma. Akitoka bila beji, amemvua baba yake nguo mbele za watu. Asipotoka kabisa, ahadi ya maisha yake itasomwa na Bwana Ahlers, ambaye humtaja Alfons kama anasoma bei za treni. Nikajaribu kumtania. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Alinikazia macho mpaka nikajuta.

Jioni simu ikalia. Ilikuwa Tirza, yuko hotelini. Nilimsikia Bi Wuttke akisema tu "ndiyo", "ndiyo", "kupitia uani", kisha akakata.

"Atakuja?" nikauliza.

"Atakuja. Amesema hataki kupita mbele. Anataka kuniona kwanza, kisha ataamua kama anasimama na mimi au hasimami."

Jumanne asubuhi barabara ilikuwa imejaa. Upande huu walisimama vijana wa Nidal, kila mmoja na pembetatu kifuani. Upande wa pili wenye bendera za Israeli. Katikati polisi, na katikati ya polisi fundi wa kamati amepiga magoti na mwiko wake, anachimbua mawe ya njia kana kwamba yuko peke yake duniani. Kelele zilipozidi, polisi walifunga mlango wetu wa barabarani, wakaamuru mtu asitoke hadi watulize watu. Wakaufunga na mlango wa uani, Tirza akiwa ameshaingia.

Hivyo tukajikuta watatu ukumbini, tumebanwa kati ya vigari vya watoto na baiskeli za mizigo, mahali kilipokuwa kibao zamani. Bi Wuttke alikuwa amevaa koti, na ukosi ulikuwa mtupu. Beji ilikuwa mfukoni. Sikuwa nimejua mpaka dakika ile ataamua nini, na moyo uliniuma kuona ukosi ule.

Tirza aliutazama. "Umeivua."

"Nimeivua."

"Lakini unayo."

"Ninayo. Siwezi kuitupa, Tirza."

Tirza akatoa simu, akaiwasha, akampa. Mimi niliona kwa pembeni. Ilikuwa picha yenye giza ya ukuta uliobomoka, na kijana mwenye kofia ya chuma ameinama kufunga kamba ya kiatu. Juu ya kichwa chake, pembetatu nyekundu, ncha chini.

"Hii ndiyo picha ya mwisho ya mwanangu," akasema kwa Kijerumani chake cha bibi. "Walioipiga ndio waliomuua. Baada ya hapo kuna moshi. Nimeiangalia mara nyingi kwa sababu hapa bado anafunga kiatu. Na Jumapili nikaikuta mlangoni kwako, kubwa hivi."

Bi Wuttke aliishika simu kwa mikono miwili. Alimtazama yule kijana kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyemwona akikua.

"Alikuwa mrefu," akasema mwishowe.

"Alikuwa mrefu," akasema Tirza.

Nje walikuwa wakipiga kelele, hawa wakiitaja Palestina na hawa Israeli. Kuna mtu alikuwa akigonga mlango kwa ngumi. Tulisogea karibu zaidi na ngazi.

"Sasa niambie Alfons," akasema Tirza. "Niambie yote, si kama kwenye simu. Bibi yangu alijua tu kwamba walimchukua kwa kuwa Myahudi."

Bi Wuttke akamsimulia: ghala la makaa lililokuwa chini ya miguu yetu, karatasi, kipigo, jina ambalo halikutoka. Alisimulia kwa sauti ndogo, yeye asiye na sauti ndogo. Alipofika kambini akasita, nikajua kwa nini. Lakini si mtu wa kuruka. Akamwambia: njano, na juu yake nyekundu.

Tirza akashika mpini wa kigari cha mtoto. "Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Ncha chini."

"Kifuani kwa mjomba wa mama yangu."

"Aliipata kwa kupigana, Tirza. Hakungoja kuchukuliwa."

Tirza alilia bila sauti, na nilitamani ukuta unimeze, maana hapakuwa na pa kwenda. Kisha akapangusa uso, akamshika Bi Wuttke kwenye kiwiko.

"Utaisoma hiyo pale nje?"

"Nilimwahidi baba."

"Najua uliahidi. Lakini wapo wenye simu. Ukisema pembetatu nyekundu, watachukua maneno hayo mawili tu. Kesho Alfons atakuwa kwenye mabango yao, na ile iliyokuwa juu ya kichwa cha Itamar itakuwa imepata babu. Watasema, oneni, hata Wayahudi waliivaa."

"Waliivaa kweli."

"Kweli. Nakuomba hata hivyo."

"Nikiacha, nimemkata. Walimkata huku, na mimi nimkate huku?"

"Nakuomba," akasema Tirza. "Nimefika kwa ndege kuja kumzika mtu, kwa sababu wangu nilipewa vipande. Nipe saa moja nisiione wala nisiisikie. Nakuomba kama mama."

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukatupiga usoni, na yule polisi msichana akasema tunaweza kutoka, lakini upesi.

Tulitoka. Vijana wa Nidal walipomwona walishangilia, kisha wakaona ukosi hauna kitu, shangwe ikanywea. Nidal mwenyewe alikuwa mstari wa mbele. Upande wa pili nao walitazama ukosi, wakanyamaza. Mtaa mzima ukawa unasoma koti la mwanamke mzee. Fundi akalikalisha jiwe, akaligonga kwa kitako cha nyundo, akalipangusa kwa kitambaa, jina la Alfons Lesser likang'aa.

Bi Wuttke akasoma. Sauti ilimrudia. Alisoma Alfons alizaliwa wapi, kwamba alikata makoti bila kupima kwa futi, kwamba alipenda kuogelea mtoni mpaka Oktoba. Akasoma kwamba alikamatwa. Akasoma kwamba alipelekwa Sachsenhausen. Halafu akasema, "Na kifuani kwake walimshonea..."

Akasimama. Simu zote zikainuka. Tirza alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, kama mtu anayengoja kupigwa. Nilimwona Bi Wuttke akimtazama yeye, kisha jiwe, kisha yeye tena.

"...walimshonea alama ya Wayahudi," akasema. "Na huko wakamuua."

Ghala la makaa hakulisoma. Karatasi walizochapa hakuzisoma, wala kipigo, wala jina lisilotajwa, kwa sababu huwezi kuvuta uzi huo mmoja nguo isifumuke. Alikunja karatasi yake. Watu wakapiga makofi, wa upande ule kwanza, halafu hata baadhi ya vijana, kwa kuwa bibi ni bibi. Bwana Ahlers alikuwa na machozi. Tirza alimkumbatia, akamkumbatia kwa nguvu, akaweka waridi jeupe juu ya jiwe.

Nidal ndiye hakupiga makofi. Alikuja karibu, akaitoa pembetatu yake kifuani, akaiweka mfukoni. "Nimekuelewa, bibi," akasema. Lakini alielewa nini, sijui, maana kisa cha Alfons alikuwa hajakisikia, na siku ile alinyimwa.

Tirza aliondoka jioni. Kabla ya kuingia kwenye teksi alimwambia Bi Wuttke, "Umeruka."

"Uliniomba."

"Niliomba, ndiyo." Akawa kama anataka kuongeza neno. Wakashikana mikono, wakaachiana.

Kesho yake nilimpelekea gazeti, lile lile. Safari hii halikuuliza. Lilisema mkazi mmoja mzee ameonyesha busara. Vijana nao waliandika kwenye mitandao kwamba bibi alilazimishwa na mfumo, na bado wanampenda. Kamati ilimtumia maua. Mwanamke wa duka la mikate aliongeza andazi la bure. Nilimsomea yote jikoni, nikidhani namfurahisha. Yeye alikuwa amekaa na koti mapajani, na sindano, anaitoboa ile sehemu ya ukosi iliyokuwa na beji na kuitoboa tena bila kushona chochote.

"Wote wamefurahi?" akauliza.

"Wote, Bi Wuttke. Hata mimi sikutegemea."

"Alfons walimpiga siku tatu hakusema. Mimi waliniomba mara moja tu." Akaiweka sindano mezani. "Wakifurahi wote, jirani, ujue nimedanganya."

Nilitafuta la kumbishia. Yeye ndiye angelipata, si mimi.